Kadi Moja, Ukoo Mzima

Kama umeoa na ukajaaliwa mtoto wa kike, ndugu yangu, wewe huna haja ya kuelezwa kirefu. Harusi ya binti yetu haikuanza siku ya posa wala siku ya kutaja mahari. Ilianza usiku mmoja barazani, pale mwanangu wa kiume aliponyanyua macho kwenye simu akauliza: “Baba, kwenye kadi niandike mnakaribishwa kwenye nini?”

Huyu ndiye tunayemwita Mzee wa Chaja. Hakuna waya wa simu ulioingia nyumba hii ambao mwisho wake haukutokea mfukoni mwake. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye programu ya kutengeneza kadi, mama yake alimkabidhi kazi hiyo bila ya mie kuulizwa. Nikamjibu aandike harusi. Mke wangu, Mama Salum, alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi, lakini masikio yake siku zote yako barazani. Akasema kutoka huko huko kwamba harusi ni ya wanaume msikitini, inakwisha kwa kahawa na halua. Kadi ni ya yale yanayofuata, na yale yanayofuata yana jina lake.

“Jina gani, mama?”

Hakujibu. Mbuzi ikaendelea kukwaruza. Kimya cha mke wangu nimekaa nacho miaka, nakijua aina zake zote, na hiki kilikuwa kile cha kumsubiri mama yake.

Mie nilitaka walima. Dini imetuwekea walima, na imetwambia hata mbuzi mmoja anatosha. Nilishapiga hesabu yangu: mbuzi wawili, mchele wa kiasi, sheikh asome dua, jirani wa kulia na jirani wa kushoto, na jua likizama kila mtu yuko kwake. Hesabu ile niliiandika kwenye daftari la skuli la Salum nikaliweka juu ya kabati. Sijaliona tena, na wala sikulitafuta, kwa sababu nyumba hii ina utaratibu wake na karatasi za baba.

Hapa inabidi nikueleze kwetu. Makoongwe ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Ukisimama gatini Mkoani unatuona, na sisi tunaiona meli ya Unguja inapofunga gati. Safari yenyewe ni fupi. Lakini iwe fupi vipi, bahari ni bahari: mchele, kuni, kreti za soda, sheikh na mashoga wa bibi harusi, vyote vinapita majini. Kwa hiyo kwetu neno linaloandikwa kwenye kadi lina uzito wake chomboni. Ukiandika dua, unapeleka mtumbwi. Ukiandika neno jengine, unaweza ukajikuta unakodi mashua na bado mizigo imebaki diko la pili.

Wa kwanza kuja na neno lake alikuwa shemeji yangu, kaka yake Mama Salum, tunayemwita Mmanga. Alifanya kazi Maskati miaka mingi, akarudi na kanzu zenye kishada shingoni, na tangu hapo kila neno analipitisha kooni kwanza kabla ya kulitoa. “Andika hafla,” akasema. Huko Oman, akatueleza, watu wakikusanyika kwa furaha ndiyo hafla. Maana yake ya Kiarabu ni huo mjumuiko wenyewe, watu kujaa mahali. Kabla hatujalimeza neno akaanza kulitandika: viti vyenye vitambaa vyeupe na fundo mgongoni, jukwaa la maharusi, mshereheshaji mwenye koti, maji ya chupa kila kiti. Mama Salum akauliza mgeni rasmi atakuwa nani, maana ukisikia hafla kwenye redio lazima utasikia na mgeni rasmi. Mmanga akaweka sawa kishada chake. “Mie,” akasema.

Dada yangu, shangazi wa watoto, tunamwita Kipaza. Akimwita mtoto huku Makoongwe, Mkoani watu hugeuka. Yeye alikataa kadi isiyokuwa na taarabu. Akasimama pale na ndoo ya maji kichwani, haijatuliwa, akatwambia kwamba taarabu si kuimba tu. Asili yake ni tarab, ule mtikisiko unaomshika mtu muziki unapomkolea mpaka hajijui. Akatutajia Siti binti Saad, mwana wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake kwenye santuri. Akatutajia Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoanza mwaka 1905 na mpaka leo inapiga. Na maji kichwani hayakumwagika hata tone. Mwanamke huyu angezaliwa mjini tungemsikia Cairo, nasema hivyo kila siku na nasema tena hapa. Lakini Mama Salum aliuliza suala moja tu: “Ganuni na fidla utazipakia kwenye dau la nani?”

Mzee wa Chaja naye, kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu, alijaribu kupenyeza lake. Akataka aandike mnuso. Ndiyo wanavyosema vijana wa Dar es Salaam, akatwambia, kutokana na kunusa: chakula kinanukia, unafuata harufu. Bibi yake alikuwa ameshaingia. Akamwambia kwake watu hawaji kunusa, wanakuja kula.

Bibi huyu ndiye Bi Nahodha, mama mkwe wangu. Hajawahi kushika usukani wa chombo chochote, lakini hakuna chombo kinachoondoka mtaa wetu kabla hajaulizwa maji yakoje. Aliingia, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na kumfanya Mmanga asogee, na hakusema neno zaidi ya lile. Alikuwa anasikiliza. Nyuma yake aliingia mumewe, baba mkwe wangu, Mzee Msewe, na nyuma yake mkoba wa vitabu, na chini ya mkoba binti yangu mkubwa aliyeshuka na meli siku hiyo kutoka chuoni Tunguu. Huyo tunamwita Mwalimu Kamusi. Wenzake wakirudi Pemba huleta mikate ya mjini. Yeye alikuja na Kamusi la Kiswahili Fasaha, lile la BAKIZA la mwaka 2010, na akaliweka katikati ya mkeka mahali ambapo ilikuwa pakae sinia ya chakula cha usiku.

Yeye akasema tuandike sherehe, na hapa naomba univumilie, kwa sababu mwanangu alilisema vizuri na mie ni baba yake. Sherehe, alisema, ni neno lililosafiri. Kwa Kiarabu sharhi ni kufungua na kueleza. Ndiyo maana ukichukua kitabu cha tungo za Kiswahili, mwishoni unaweza kukuta ukurasa umeandikwa Sherehe, na ukiufunua hukuti pilau wala ngoma: unakuta maana za maneno magumu. Na katika Msahafu mna sura ya 94, Inshirahi, aya 8, ambayo watoto wa chuoni kwetu wanaihifadhi mapema sana. Mzizi ni huo huo, kukunjuliwa kifua. “Basi, baba,” akasema, “sherehe ni siku kifua kinapofunguka.”

Nilimtazama. Nilikumbuka nazi na madema yaliyouzwa kumpeleka Tunguu, nikasema moyoni kwamba havikupotea. Kama ingekuwa amri yangu, kadi ingefungwa pale pale.

Lakini Mzee Msewe alishainuka kwenye mkeka. Jina hilo alilipata ujanani, maana hakuwa na mwenzake katika kucheza msewe. Wewe wa bara huenda hukijui: ni mchezo wa wanaume wa Kipemba, wanafunga miguuni misewe ya majani makavu ya ukindu, na wakipiga hatua inalia kwa pamoja. Yeye alitaka neno moja, ngoma. Mjukuu wake akamuunga mkono kwa furaha: haya mengine karibu yote yametufikia kwa jahazi, ngoma ndiyo iliyozaliwa nayo lugha. Waganda wanasema engoma, Warundi ingoma, na kwa Warundi neno hilo hilo ni ngoma na ni ufalme. Sisi tumelipa kazi tatu: chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, na watu waliokusanyika kuucheza. Mzee aliposikia ufalme alipiga hatua mbili hapo hapo barazani, kisigino kikagonga sakafu, na vikombe vya kahawa vikaitika kwenye trei. Hatua ya tatu goti lilikataa.

“Kaa chini, mume wangu,” akasema Bi Nahodha, kwa sauti ambayo hajanisemesha mie hata siku moja, sauti laini. Kisha akamgeukia kijana. “Andika shughuli.”

Tafrija tuliitupa kwa haraka. Ni ndugu wa faraja, na Mama Salum alisema faraja yake ataipata sufuria zikisharudi kwa wenyewe. Karamu niliikataa mwenyewe. Ni mtoto mmoja na ukarimu, na mtu akishautangaza ukarimu wake kwenye kadi hawezi tena kuhesabu mbuzi, anahesabu ng’ombe. Mabishano yote yakabaki kwenye shughuli.

Mwalimu Kamusi alikwenda kwa adabu. “Bibi, shughuli ni kazi. Kwa Kiarabu shughl ni kazi, na hata sisi tukisema mtu ana shughuli nyingi hatuna maana anacheza.” Akaongeza kwamba wataalamu wameshaipitia lahaja yetu, hata Mwingereza mmoja, Whiteley, alichapisha kitabu mwaka 1958 kuhusu lahaja na tungo za Pemba. Bi Nahodha akauliza huyo bwana alialikwa shughuli ngapi.

Hapo Mama Salum akaacha nazi, akaja mlangoni akifuta mikono, nikajua kaka yake amekwisha. Akakisimulia kile kisa ambacho Mmanga hukikimbia kila Idi. Wiki ya kwanza Maskati, Kiarabu bado hajakizoea, kafili wake alimwambia kesho asubuhi kuna shughl kubwa, asichelewe. Yeye, mtoto wa Makoongwe, alisikia alichokizoea. Akaoga, akajifukiza udi, akavaa kanzu yake ya Idi na kofia ya vito, akafika kabla ya wenzake wote. Kulikuwa na lori la saruji la kushusha. Aliishusha na ile kanzu. Mpaka leo ikifunuliwa kutoka sandukuni, begani ina jivujivu lisilotoka.

Tulicheka sote, na Mmanga mwenyewe alicheka, kwa sababu ana moyo safi. Bi Nahodha ndiye ambaye hakucheka. “Na wao hawakukosea,” akasema. “Ni kazi. Kwani nyie mnadhani ni nini?”

Nimelifikiri jibu lile sana tangu usiku ule, na ninalishikilia. Kwetu, mwanamke akikwambia leo nina shughuli, humwelewi mpaka umtazame nguo. Akiwa kwenye kanga kuukuu iliyopauka, ungo magotini, anatoa chuya kwenye mchele, hiyo ni shughuli. Akiwa kwenye sare mpya, kikuba cha asumini na kilua kifuani, wanja umetulia, hiyo nayo ni shughuli. Na ni mwanamke yule yule, na ni siku ile ile. Kilichopita kati yake ni ndoo moja ya maji. Siku hizi nasikia mijini chakula kinaletwa kimeshapikwa, wageni wanakuta viti vimeshapangwa, wanakula, wanapiga picha, wanaondoka bila kumjua aliyekuna nazi. Waite hafla, sina ugomvi nao. Mie binti yangu nataka aolewe mbele ya watu ambao mikono yao imenuka vitunguu kwa ajili yake. Wenyewe tunasema shughuli ni watu, na sijaona kamusi lililotuzidi hapo.

Basi ikawa shughuli. Tena Bi Nahodha akasema kadi ni za Mkoani, Chake na Unguja tu. Makoongwe mtu haalikwi kwa simu, anafuatwa. Kipaza akapita nyumba kwa nyumba na kanga begani, “mnaitwa shughuli”, na naapa nyumba za mwisho zilishasikia kabla hajafika. Walima wangu ulikufa hapo. Kuhusu siku, Bi Nahodha hakutaka kusikia Jumapili wala likizo za watu. Akauliza mwezi. Akasema mwezi 14, Mfungo Saba, na hakutoa sababu. Mama Salum akakubali haraka, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi mume yeyote mwenye uzoefu.

Asiyekulia pwani hajui mwezi 14 ni nini. Ni bamvua. Maji yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, kisha yanakupwa mpaka unadhani bahari imehama. Kwetu, siku za bamvua, saa kumi alasiri yamejaa, saa nne usiku yako mbali. Asubuhi hivyo hivyo: alfajiri yapo, saa nne hayapo. Hayo Mmanga anayajua kama anavyojua jina lake. Alitumwa Mkoani kufuata sufuria kubwa la kuazima, akaambiwa apakie alfajiri, na akapakia alfajiri kweli. Kisha akakumbuka viti vyake. Hakuwa ameviacha viti vile moyoni. Akaenda kwa mwenye viti, akakaribishwa chai, chai ikaja na chapati na mchuzi wa pweza, na bahari haikumsubiri.

Tuliwaona kutoka pwani. Mashua imelala ubavu kwenye tope, mbali, na watu wake wamesimama kando kama ndege wa pwani. Ndani mlikuwa na sufuria, magunia ya vitunguu, na kuni. Ikabaki mifereji tu ya maji, mengine ya kifundo, mengine ya goti. Mzee wa Chaja ndiye aliyetoa shauri, na natamka hivyo kwa fahari kwa kuwa huwa hasifiwi nyumbani: sufuria litiwe majini, vitunguu vitiwe ndani ya sufuria, lisukumwe. Likaelea! Vijana wanne wakalikokota kwenye mfereji, watoto wote wa mtaa wakakimbilia huko, na kila maji yalipopungua bati lilikwaruza kwenye mchanga kwa sauti iliyotutia meno ganzi sote tuliokuwa ufukweni. Mmanga alikuwa nyuma, kanzu ameifunga kiunoni, kishada mdomoni ili kisirowe. Kipaza alisimama juu ya jiwe akiongoza, kulia, kushoto, kulia, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba bwana harusi ndiye anayeingia. Vitunguu vilifika vikavu. Kuni hazikuwa na bahati hiyo.

Pilau ya kuni mbichi ni kazi ya macho. Wanaume wa mtaa walipuliza mafiga mpaka wakatoka machozi, na wanawake, kwenye kivuli cha mwembe, walikaanga vitunguu kwa zamu. Bi Nahodha hakushika mwiko. Alikaa kwenye kibao karibu na sufuria, na kila baada ya muda alisogeza sikio kwenye bati. Anasema mchele unasema: ukiwa na maji unanong’ona, ukikauka unatatarika. Alipousikia unatatarika akanyoosha kidole tu, na vijana wakapalia makaa juu ya kifuniko. Hakikufunguliwa tena mpaka alipoamua yeye. Kilipofunguliwa, mvuke wa bizari na mdalasini ulitoka ukapita uani, ukapita barazani, na Mzee wa Chaja akanitazama bila ya kusema kitu. Nilielewa. Mnuso.

Majamvi tuliazima Mtambile, kwa ndugu wa Mama Salum, watu wa karafuu. Yalikuja yalivyotoka uwanjani, na Salum aliyeambiwa ayakung’ute aliyakung’uta upande mmoja. Ukishawahi kukalia konyo la karafuu unajua. Makonyo yana kiwanda chake Wawi, yanakamuliwa mafuta, lakini ya kwetu yalikuwa bado mazima, yamejipanga kwenye nyuzi za jamvi yakiwasubiri wageni. Sheikh aliposoma hotuba aliegemea kulia, akaegemea kushoto, na mwisho akaingiza mkono chini ya joho, akalichomoa moja, akalitazama, akalitia mfukoni na kuendelea. Marafiki wa Mmanga waliotoka Chake ndio walioteseka. Kumbe shemeji yangu alijitengenezea kadi yake mwenyewe na kuirusha kwenye wasap, imeandikwa HAFLA kwa herufi za dhahabu, na wao wakaja na makoti na suruali nyembamba. Viti walivyotarajia vilifika saa kumi, pamoja na bwana harusi na watu wake, maji yalipojaa. Lakini wakati huo wanawake walikuwa wanahitaji pahala pa kuweka sahani za wali mbali na mchanga na kuku wa mitaa minne. Viti vya vitambaa vyeupe vikapangwa uani, kila kimoja kikabeba sahani zake, na fundo zao mgongoni zilipendeza, sikatai.

Nikaha ilipita. Binti yangu aliolewa. Hilo sitolisimulia hapa, kwa kuwa bado likinijia nashindwa kuendelea kuandika.

Nikudokeze lile la usiku. Baada ya kula, baada ya Isha, watu wa bwana harusi wakaanza kuaga. Nikawasindikiza pwani kwa heshima zote, nikiwa na fikra ya kitanda changu. Pwani hapakuwa na bahari. Mbalamwezi ya mwezi 14 ilimulika tope na mashua zimelala juu yake, na maji ni mstari mweupe kule mbali. Hakuna chombo kitakachoelea kabla ya usiku wa manane kupita. Niligeuka nikamwona Bi Nahodha amesimama nyuma yetu na kanga yake ya kichwani, wala hakuonyesha kushangaa.

“Basi rudini,” akawaambia, “mtakwenda wapi? Chai iko jikoni.”

Ndugu yangu, mwanamke yule aliupanga mwezi. Alijua tangu siku ile ya barazani kwamba watu wakiletwa na maji ya saa kumi hawatoki, na kwamba mkwe wake alikuwa na hesabu ya jua likizama kila mtu kwake. Nilimtazama Mama Salum. Mama Salum alikuwa anaangalia mwezi.

Wakarudi. Kipaza aliposikia wamekwama hakungoja ganuni. Alipiga kofi, mashoga wakapokea, sinia ikageuzwa ikawa dumbaki, na alipoimba niliona mzee mmoja wa Mkoani, mtu mzima mwenye wajukuu, amefumba macho anatikisika, kile kitu alichotueleza na ndoo kichwani. Mzee Msewe alicheza ameshikwa bega na mjukuu. Marafiki wa Chake walivua makoti, wakachukua kahawa, na mmoja wao tulimkuta jikoni anaosha masufuria pamoja na vijana wa mtaa na kuulizia majina yao. Maji yaliporudi hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Walipakia karibu na alfajiri.

Asubuhi ndiyo niliyoiogopa, na ikaja. Uani palikuwa na masinia ya nyumba zote, na kila sinia lina alama yake chini: tone la rangi, msumari uliogonga herufi, uzi uliofungwa mpini. Mie nayaona yote mamoja. Mama Salum aliyapindua moja moja akitaja wenyewe bila kusita, na Mwalimu Kamusi akiandika, mpaka likabaki moja lenye rangi nyekundu, ambalo watoto walishalichukua kulirudisha.

“Hilo liacheni,” akasema. “Mwenyewe anamuoza mwanawe Alhamisi. Litakwenda na wali ndani.”

Nilikuwa bado sijalala. Nikauliza kwa upole kama Alhamisi tumealikwa. Akasema ndiyo, tuna shughuli. Nikauliza ni ya kanga ipi. Mama Salum alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na shoka, akanikabidhi, akanionyesha kwa kidevu upande ulipo mnazi mkavu.